Fundi Leo na gauni la msamaha

Saa moja kasoro asubuhi, fundi anafungua kufuli za kibanda chake, anasogeza cherehani hadi mlangoni penye mwanga, anapuliza vumbi la nyuzi chini ya sindano, kisha anapiga pasi kola ya shati. Mwenye shati ameambiwa aje saa mbili. Akija saa mbili atalikuta limekunjwa, na hilo ndilo jambo la ajabu kuhusu kibanda hiki.

Tuseme ukweli, mafundi cherehani wana jina baya na wamelitafuta wenyewe. Ukipeleka kitambaa cha harusi utaambiwa njoo kesho. Kesho utaambiwa umeme ulikatika. Kesho kutwa sindano imevunjika. Siku ya harusi yenyewe unalikuta gauni halina mkono mmoja, na fundi anakuapia kwamba ndiyo kwanza alikuwa anaushika. Wapo watu walioachana kabla suti ya bwana harusi haijatoka kwa fundi.

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na mmoja si wa kundi hilo. Akisema Jumanne ni Jumanne. Mtaa mzima unamwita Fundi Leo, na wateja wake wengine hawajui kama ana jina lingine.

Lakini siku ya kwanza nilipofika hapa, miezi kadhaa iliyopita, kwenye msumari nyuma yake lilikuwa limetundikwa gauni la zambarau. Lilikuwa limekatwa vizuri na kuungwa mabega, ila halikuwa na zipu wala pindo, na vumbi lilikuwa limeanza kulikaa.

Nikamtania. "Fundi Leo, na hili nalo ni la leo ipi?"

Hakucheka. "Hilo ndilo kazi yangu kubwa ya mwaka huu," alisema. "Nitakueleza habari yake, lakini huandiki neno mpaka liishe."

Nilikuwa nimeelekezwa kwake na afisa mmoja wa ustawi wa jamii, nikiwa na swali ambalo kila mtu hulibeba mfukoni: kwa nini mwanamke anayepigwa haondoki? Fundi alilisikiliza lile swali mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mteja anayetaka mshono usiowezekana.

"Mimi niliondoka mara nne," alisema. "Watu wanahesabu miaka niliyokaa. Hakuna anayehesabu mara nilizoondoka."

Mume wake wa zamani alikuwa anakodisha viti na maturubai. Penye msiba yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufika, na kama wafiwa hawana kitu, viti vilishushwa bure. Alikuwa mcheshi, hakosi salamu kwa mtoto wala mzee.

"Alikuwa mtu wa watu," fundi anasema. "Sasa mimi ningemsema kwa nani? Nusu ya mtaa walikuwa wamekalia viti vyake."

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Kila asubuhi kabla ya kutoka, mume aliinama chini ya cherehani ya mkewe, akachomoa kile kichuma kidogo kinachobeba bobini, kigurudumu cha uzi wa chini, akakitia kwenye mfuko wa shati. Bila kichuma hicho cherehani ni meza tu. Jioni alikirudisha, mke akashona mbele ya macho yake, na wateja wakalipa mkononi mwake.

Kichuma hicho kinauzwa duka lolote la vifaa vya kushonea, kwa bei isiyozidi ya mikate miwili. Nilimwuliza fundi kwa nini hakununua kingine.

Alikata uzi kwa meno. "Nilinunua. Akakiona."

Mkono wake wa kushoto hauinuki kupita bega. Vitambaa vya rafu ya juu huviteremsha kwa fimbo, na ameizoea fimbo ile kiasi kwamba wateja wapya hudhani ni uvivu.

Mara ya kwanza alikimbilia kwa mama yake. Mama alimpikia, akamkanda kwa maji ya moto, akamwacha alale. Siku ya tatu akazifua nguo zake, akazikunja, akamshika mkono na kumrudisha kwa mumewe. Ndoa ni kuvumiliana, alimwambia njiani, na nyumba isiyo na kelele ni kaburi.

"Mama hakuwa mtu mbaya," fundi anasema. "Alinirudisha kama unavyorudisha sufuria ya jirani. Imeoshwa, inang'aa, lakini inarudi kwa mwenyewe."

Mara ya pili ndiyo iliyomfundisha jambo ambalo, anasema, hata afisa wa ustawi hakuwahi kulifikiria. Nyumba ya fundi cherehani imejaa mali za watu. Ilikuwa karibu na kufunguliwa kwa shule, na chumba kizima kilikuwa na vitambaa vya sare, kila kimoja na kikaratasi cha jina la mtoto. Alitoka na wanawe wawili na mfuko mmoja. Vitambaa alivikuta haviwezi kubebeka, akaviacha.

Mume alifunga kile chumba kwa kufuli. Kisha akapita nyumba kwa nyumba, kwa huzuni kubwa, akiwaomba radhi wateja: mke wangu ametoroka na vitambaa vyenu, jamani, nami nimebaki na aibu. Wiki haikuisha kina mama walikuwa mlangoni kwa mama yake, wengine na maneno, mmoja na mgambo.

"Ningekimbia navyo, mwizi. Nilikimbia bila kuvibeba, mwizi vilevile," anasema. "Kupigwa nilikuwa nimekuzoea. Kuitwa mwizi wa vitambaa nilishindwa. Fundi akishaitwa hivyo, tena ashone nini? Awalishe watoto nini?"

Akarudi. Kufuli ikafunguliwa, na sare zote zikatoka kabla shule hazijafunguliwa. Hakuna mtoto aliyekosa. Analisema hilo hadi leo kwa fahari, kisha anajishangaa na kutikisa kichwa.

Mara ya tatu mume mwenyewe alimfuata alikojificha, akapiga magoti, akalia.

"Si machozi ya uongo, usije ukaandika hivyo. Alilia kweli. Na mimi nilimpenda. Hilo liandike, maana watu wanadhani tunakaa kwa ajili ya chakula tu. Chakula ningeshona nikakipata. Yule aliyekuwa analia pale ndiye niliyeolewa naye. Nilirudi kwa huyo, nikamkuta yule mwingine ndani."

Mwandishi wa habari hatakiwi kuumia anapohoji. Mimi niliumia hapo, na sioni sababu ya kulificha.

Kila baada ya kipigo, mume alileta kitambaa. Kilikuwa kizuri, cha bei, na rangi amechagua mwenyewe. Mke alijishonea gauni, akalivaa, akatoka nalo, na wanawake wenzake wakamsifu: wewe mwenzetu unapendwa. Alivipa jina vitambaa vile moyoni mwake, vitambaa vya msamaha. "Nilikuwa na magauni mazuri kuliko wanawake wote wa mtaa," anasema. "Mwenye akili angeyahesabu magauni, angejua."

Mara ya nne alijiandaa kama fundi. Aliacha kupokea kazi mpya. Aliyeleta kitambaa aliambiwa macho yanauma, ajaribu kwa fundi mwingine. Zilizokuwepo alizimaliza moja moja na kuzirudisha, pamoja na vipande vilivyobaki. Siku nguo ya mwisho ya mtu ilipotoka, nyumba ilikuwa na vitu vyao wenyewe tu, na ndipo alipojua kwamba anaweza kuondoka.

Mteja wake mmoja, mwalimu, alikuwa amempa ufunguo wa chumba cha uani bila kumwuliza swali hata moja. Cherehani ilibaki. Mume alipoingia kuoga, mke alichukua kile kichuma kwenye mfuko wa shati, akawashika watoto, akatoka. Sasa kinaning'inia kwa uzi kwenye dirisha la kibanda.

"Hakiingii kwenye cherehani hii. Hakina kazi yoyote," anasema. "Nilikichukua kwa hasira tu."

Yule afisa wa ustawi aliniambia jambo ambalo fundi alikuwa ameshaniambia kwa njia yake. "Watu wanadhani ukivuka mlango hatari imeisha," alisema. "Mara nyingi ndipo inapopanda. Mwanamke analijua hilo kuliko sisi. Ndiyo maana tunamwona anasita, tunasema ni mjinga."

Hadithi ingeishia hapo, kama fundi asingekuwa na binti.

Huyu ndiye mdogo wa wale wawili waliotolewa kwa mkono siku ile. Sasa ana miaka ishirini na sita na mtoto mmoja, na ameolewa na msimamizi wa ghala la saruji, kijana mwenye adabu, shati lake limenyooka muda wote. Miaka miwili iliyopita alikuja kupimwa blauzi. Mteja anaweza kuficha mambo mbele ya daktari, lakini utepe wa fundi unapita kila mahali. Ulipozunguka mkono juu ya kiwiko, binti akavuta pumzi.

"Nikajua," fundi anasema. "Na unajua mdomo wangu ulisema nini? Ulisema, 'Kwa nini huondoki?' Mimi, mtu mzima, kati ya watu wote. Lile swali nililolichukia nikalitoa kama nimefundishwa."

Binti alivaa viatu vyake, akambeba mtoto. Akamwambia, "Mama, wewe ulirudi mara tatu. Nani alikuuliza?" Hakukanyaga tena kibandani mpaka mvua zikaja na kuisha.

Kilichomrudisha ni kitambaa cha zambarau. Alikiweka mezani akasema baba mtoto amemnunulia, anataka lishonwe gauni la kutokea. Fundi alikishika tu, akajua ni kitambaa cha nini. Ameshona vingi vya aina hiyo.

Mkwe hapendi mkewe aende kwa mama yake. Ila kulipia ushonaji wakati mama mkwe ni fundi hapendi zaidi. "Ubahili wake ndio uliotufaa," fundi anasema. "Mungu ampe maisha marefu, na aendelee kuwa bahili."

Safari hii hakuuliza kitu. Alimpima binti yake taratibu, akiruka penye maumivu, akamwambia aje Alhamisi kujaribu. Alhamisi ndiyo siku ghala linapopokea mzigo, na msimamizi hatoki hadi jioni.

Alhamisi ikafika, binti akalijaribu. Fundi akazunguka, akavuta hapa na pale, akasema bega halijakaa, arudi wiki ijayo.

"Mama, mbona bega limekaa."

"Halijakaa. Fundi ni mimi au wewe?"

Binti alimtazama mama yake kwenye kioo. Fundi Leo, aliyewahi kushona sare za darasa zima akiwa na jicho lililofumba, alikuwa anachelewesha gauni moja jepesi. "Akaelewa," fundi anasema. "Akaliweka chini, akaniuliza aje saa ngapi."

Baada ya hapo alikuja kila Alhamisi, na akaanza kuja na mfuko. Anayekwenda kwa fundi na mfuko wa nguo haulizwi anakwenda wapi. Kaptula ya mtoto imechanika, sketi imelegea, blauzi imetoka kifungo. Fundi alizipokea, akazishona kweli, maana hawezi kuona kifungo kimetoka akanyamaza. Kisha akaziweka kwenye rafu nyuma ya pazia, na pale zikabaki. Baadaye, ndani ya kaptula, vikaanza kuja vitu vingine: kadi ya kliniki ya mtoto, vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa. Vilihama kidogo kidogo, kama sisimizi wanavyohamisha sukari, na kabati la mume halikuonekana kupungua.

"Kwa nini asitoke siku moja tu?" niliuliza.

"Kwa sababu mimi nilitoka siku moja, nikarudi kwa ajili ya sare," alijibu.

Siku mkwe alipokuja mwenyewe, nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda cha wateja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo. Nimepita kuulizia lile gauni."

Kati yake na rafu yenye nguo za mwanawe palikuwa na pazia tu. Fundi hakuinua macho kutoka kwenye kola aliyokuwa anashona.

"Aa, gauni! Wacha tu, mwanangu. Ile zipu ya dukani si rangi yake. Nimeagiza nyingine. Njoo kesho."

"Wiki iliyopita alisema umesema hivyohivyo."

"Na umeme nao ukakatika."

Mkwe alicheka, akanigeukia. "Dada, unamwona huyu? Ndiye wanamwita Fundi Leo. Kumbe ni kama mafundi wote. Ukiwa na harusi, anza kumsumbua mwaka mzima kabla."

Nilicheka, kwa kuwa mteja angecheka. Akaaga kwa heshima na kuondoka. Fundi alikanyaga pedeli, mshono ukaenda upande. Akaufumua, akaanza upya, ukaenda upande tena. Mara ya tatu akaiacha kola mezani, akaweka mikono mapajani.

"Jina zuri la miaka thelathini," alisema. "Nimeliuza kwa zipu."

Nilimwuliza kama linamuuma. Alisema sana. Tayari kuna wateja wawili waliosikia kwamba siku hizi anachelewesha, wakapeleka vitambaa kwingine. Jina la fundi ndilo duka lake, alisema, na kwa binti yake angeuza na duka lenyewe. Kilichomtisha hasa ni kitu kingine. Hakujua kama binti angefika Alhamisi inayofuata akiwa mzima.

Makala haya yalikaa kwenye droo yangu. Mhariri aliyaulizia, nikamwambia umeme ulikatika.

Kisha asubuhi moja simu ikalia. Hakusalimia, na si kawaida yake. "Gauni limeisha," alisema. "Andika."

Nilipofika, ule msumari ulikuwa mtupu na rafu ya nyuma ya pazia haikuwa na kitu. Binti alikuja Alhamisi kama kawaida, na mtoto na mfuko wake wa viraka. Maelezo yalikuwa yamekwisha kuandikishwa polisi, afisa wa ustawi akiwa naye. Alipotoka kibandani hakupita njia ya nyumbani. Sijui yuko wapi na sikuuliza. Najua tu kwamba yuko mbali, na kwamba amekubali haya yachapishwe.

Mkwe alikuja kesho yake. Safari hii hakutoa shikamoo. Wauza vyombo wa vibanda vya jirani waliacha kuuza, wakasimama. Mwalimu, yule wa chumba cha uani, sasa mstaafu, alikuwa amekuja tangu asubuhi na kukaa kwenye kigoda akijifanya anasubiri sketi.

Fundi alimkabidhi gauni. Lilikuwa na zipu ya zambarau, rangi yake kabisa, limepigwa pindo na pasi na kukunjwa kwenye mfuko. Juu yake alikuwa ameweka vipande vyote vilivyobaki, hadi vile vya upana wa kidole.

"Akaniuliza mke wake yuko wapi," fundi anasimulia. "Nikamwambia, 'Baba, wewe uliniletea kitambaa. Kitambaa chako hiki. Mtu hukunikabidhi.'"

Alitukana, akapiga teke meza, akaondoka na mfuko wake. Polisi walimwita wiki ileile. Kesi bado, na fundi haiwekei matumaini makubwa. Amewahi kuona faili zikipotea. Usiku siku hizi analala kwa mwalimu, na kibanda amekiongezea kufuli.

Mpango wake ni cherehani ya pili. Ameshailipia nusu kwa muuzaji wa mitumba: ya mkono, ndogo, yenye kasha na mshikio juu. Ni ya binti. Nilimwambia za mkono ni za kizamani na zinachosha.

"Ndiyo, lakini inabebeka," alisema. "Ile yangu ya kwanza ilikuwa na meza ya chuma. Huwezi kukimbia na meza."

Nilisita kabla ya kumwuliza swali la mwisho. Je, binti akirudi kwa mumewe?

"Anaweza. Mimi nilirudi." Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, amefumba jicho moja. "Akirudi atanunuliwa kitambaa kingine. Atakileta kwangu. Nitampima, nitamwambia njoo Alhamisi. Sitamuuliza kitu."

Nilipoinuka nikaona kwamba ule msumari haukuwa mtupu sana. Pembeni, chini ya utepe, lilikuwa limetundikwa gauni jingine, la njano, la mwanamke nisiyemjua. Halikuwa na pindo. Nikamuuliza kama haogopi nikiandika, kwa kuwa waume nao husoma magazeti.

"Wasome," alisema, akakanyaga pedeli. "Mafundi wote wanachelewesha nguo. Watajuaje ni ipi?"